Ukuta Uliokataa Kufunga

Mbeya Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu Mama Yohana,

Kamwene. Na wewe shemeji Agnesi unayemsomea dada yako, kamwene. Kaa vizuri, soma polepole, usiruke sehemu unapotajwa, maana kuna mahali nimekutaja vibaya na mahali nakuomba radhi.

Habari za hapo Kalenga? Mahindi yamesimama au mvua imeyalaza? Miguu yako bado inavimba jioni? Ile dawa ya sukari unaimeza kwa saa yake, au unangoja mpaka Agnesi agombe? Mimi huku mzima. Baridi ya Mbeya inanijua, inaanzia magotini halafu inapanda. Lakini mkono bado ni ule ule. Barua hii naandika mwenyewe, mimi wa darasa la nne, hakuna aliyenishikia kalamu.

Simu nimeiacha makusudi. Kwenye simu nikifika kwenye jambo lenyewe tunabaki kusikilizana pumzi. Na jambo lenyewe ni nyumba.

Kijana wetu Yohana alinipigia akasema anataka kubomoa nyumba ya Kalenga ajenge ya kisasa, kwa sababu ukuta wa mbele umeliwa na mvua, na hilo ni kweli. Nikasema bomoa. Sikukuuliza. Nilikuwa nawaza watu wapite barabarani waseme kwa Baba Yohana kumebadilika. Wewe ndiye uliyekataa, na ulisema maneno machache tu: "Hii nyumba naiona. Hiyo nyingine sitaiona."

Mimi nilicheka. Nilimwambia Yohana mama yako ana ugumu wa uzee. Sikujua, mpaka Agnesi aliponieleza, kwamba ulipopelekwa kwa Yohana kule Dodoma kwa ajili ya macho ulikaa kitandani wiki tatu, unaogopa hata kushusha mguu, unaomba kupelekwa chooni. Na kwamba siku uliyorudi Kalenga ulishuka kwenye gari, ukagusa mwimo wa mlango, ukaenda peke yako mpaka jikoni ukawasha moto.

Basi nikampigia Yohana nikamwambia ngoja. Kama ni nyumba mpya, ndani iwe ile ile. Kitanda pale pale, mlango pale pale, hatua zile zile mpaka jikoni. Na ramani nitachora mimi.

Unajua magoti yalipokataa kupanda jukwaa la kujengea nilipata nafasi kwenye ofisi ya binti mmoja anaitwa Subira, binti wa Kiislamu, wazee wake walikuja Mbeya zamani kutoka pwani. Anachora ramani za nyumba kwa kompyuta. Mimi ni mshauri wake. Nafungua ofisi asubuhi, nafagia, wateja wakija nawaeleza mambo ya matofali ambayo yeye ameyasoma tu. Ananiita babu, shikamoo haikosi, lakini ulimi anao.

Kompyuta hiyo nimeijua, usione hivi. Watu wamesoma, wanakuja hapa programu imewashinda, mimi nawatoa. La kwanza namuuliza mtu, umeandika kwa kipimo gani? Maana mimi siku ya kwanza niliandika kumi na mbili, futi kumi na mbili za chumba chetu, kikatokea kitu kama kidonge. Programu ilikuwa inahesabu milimita. Subira akaniuliza, "Babu, humo analala nani, sisimizi?" La pili, ikiganda usiibonyezebonyeze kwa hasira. Kila unachobonyeza inakiweka foleni, ikizinduka inafanya vyote kwa mpigo. Ngoja tu. Na kabla hujagusa kitu, weka nakala pembeni kwa jina lingine. Mimi nilipuuza hilo, nikapoteza nyumba nzima, kikabaki choo peke yake.

Agnesi akapima nyumba kwa futi kamba, akanitumia namba kwa simu. Nikachora sebule, ikafunga. Jiko likafunga. Chumba chetu kikakataa. Programu hii, chumba kikishafunga kuta zake kinajaa rangi, ndiyo unajua imekubali kwamba hapa ni chumba. Ukibakiza hata upenyo wa unywele hakijai, na paa nalo linagoma kukaa. Sasa huu ukuta wetu wa nyuma ulipofika kwenye kona ulimpita mwenzake pembeni, kiganja kizima. Chumba kikabaki cheupe kama uwanja.

Nikasema Agnesi amepima vibaya. Shemeji, hapa ndipo nilipokutaja. Nilikupigia mara tatu ukapime tena, na mara ya tatu nikakuuliza kama namba unazijua, wewe mwalimu mstaafu. Ulikata simu, ukaenda ukapima, namba zikaja zile zile. Naomba radhi.

Basi nikasema kompyuta ni mbovu. Subira akavuta kiti, tukatafuta ugonjwa wote wawili. Akaangalia unene wa ukuta. Programu ilikuwa imejiwekea ukuta mwembamba wa tofali la siku hizi, na wetu ni wa tofali la udongo, mnene. Tena Agnesi alipima kwa ndani, na programu inapima katikati ya ukuta. Tukarekebisha vyote viwili. Sebule na jiko vikakaa vizuri zaidi, nikajisifu, nikamwambia unaona, nilisema kompyuta. Lakini chetu kikabaki wazi, kiganja kile kile.

Ndipo Subira akasema limebaki jambo moja. Programu ina tabia ya kunasa. Ukivuta ukuta yenyewe inaunyoosha na kuupeleka kwenye kona iliyo sawa, kwa sababu inadhani kila fundi hujenga kona iliyo sawa. Tabia hiyo inazimwa. Akaizima, akaandika namba za Agnesi kama zilivyo, akauacha ukuta uende zake. Ukaenda mshazari kidogo, ukafika, chumba kikajaa rangi.

Akakitazama akasema, "Babu, kompyuta haina ubaya, na aliyepima amepima sawa. Fundi wa nyumba hii ndiye aliyekosea kona."

Hakujua fundi ni nani. Nikasema mafundi wa zamani walikuwa hivyo hivyo, nikatoka kwenda kufagia mahali nilipokwisha kufagia.

Mama Yohana, siku ile unaikumbuka. Ulikuwa na mimba ya Yohana, umeshika ncha ya uzi wa msingi, mimi nimeshika nyingine, ukaniambia uzi umekwenda pembeni. Nikakujibu mwanamke hushika uzi, hausomi. Kupima kona kwa tatu, nne, tano, futi tatu huku, nne kule, mshazari tano, kama wanavyofanya mafundi wote ni kazi ya dakika chache. Sikupima. Nilisema jicho langu linatosha. Halafu kabati lilipokataa kukaa ukutani nikamtukana seremala mbele za watu, na wewe ulikuwepo, unajua kosa ni la nani. Miaka yote niliyokuwa hapo wageni nawaambia nyumba hii imenyooka kuliko kanisa, na wewe unawamiminia chai.

Agnesi ananiambia ule mwanya nyuma ya kabati ndio unaoutafuta kwa mkono ukiamka. Unaingiza vidole humo, ndipo unajua mlango uko upande gani. Kwa hiyo kila asubuhi unashika kosa langu. Nimeandika sentensi hii mara mbili nikaifuta, sasa naiacha.

Na kuna lingine. Niliondoka hapo nikisema sitarudi bila fedha za nyumba mpya, watu wakasikia. Za watu nimejenga Mbeya hii mpaka sizikumbuki zote, ya kwako mpya hakuna. Macho yako yalipoanza kuingia ukungu uliniita. Nikasema Pasaka. Pasaka ikapita, nikasema mavuno. Siyo kazi iliyonizuia, magoti yalikuwa yameshaacha kazi. Nilikuwa naona aibu kushuka stendi ya Mlandege mikono mitupu. Ukungu ukafunga mimi niko huku. Uso wangu ulio nao wewe ni ule wa zamani, una meno yote. Huu wa sasa hutauona, na mimi ndiye niliyekunyima.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ngumu. Ndiyo nyumba. Subira ameitoa kwenye printa, mimi nikaigeuza nikatoboa kila ukuta kwa sindano, tundu kwa tundu, kwa hiyo upande wa mbele mistari imeinuka. Agnesi akuwekee kidole kwenye kitanda, nimekitia matundu matatu, halafu akuache uende mwenyewe. Kona yetu nimeiacha na ubaya wake. Yohana anasema kwenye nyumba mpya ni aibu, mafundi watacheka. Nimemwambia wacheke, mkuu wao ni mimi.

Ukifika mahali ukapotea, Agnesi atie msalaba hapo kwa kalamu. Na ukimaliza yote ukaona bado huioni, sema, hakuna atakayegusa tofali hata moja. Tutaziba ukuta wa mbele tukae humo humo. Yohana nimemwambia neno lako ndilo la mwisho. Amekasirika, atapoa. Shemeji, andika anavyosema yeye, hata kama ni tusi, usimlainishie.

Ningeweza kuileta karatasi hii mwenyewe. Lakini najijua, ningekaa pembeni nikikuelekeza, na wewe ungesema ndiyo ili ninyamaze. Ndiyo maana imetangulia na basi, uwe nayo siku sita bila mimi.

Nisalimie jirani yetu anayekuchotea maji, na mzee wa kanisa aliyekupeleka kliniki wakati mimi nasema Pasaka. Msalimie dada yangu mkubwa kule Kilolo, viazi vyake vilifika, mwambie vya Mbeya ni vikubwa zaidi. Subira anakusalimia sana. Fundi amemjua, nilimwambia mwenyewe jana. Nilidhani atacheka, hakucheka.

Mlango wa mbele nimeutoboa tundu kubwa kuliko yote, usiupite. Hapo ndipo nitakapobisha hodi Jumamosi.

Mumeo,
Baba Yohana