Mashine Iliyoacha Kupitisha Mtandao

Jumanne jioni

Mwanangu Minza ameninyang'anya kalamu sasa hivi, akaichovya kwenye uji wake na kucheka. Nimeifuta, naandika.

Tangu asubuhi wateja wetu wa mtaa wa Nyasubi walikuwa wanapiga simu: "Mama Minza, mtandao umekufa huku." Haukufa. Kompyuta ya pale kwenye duka la mtandao ninakofanya kazi, inayopokea mtandao na kuugawa majumbani, yenyewe ilikuwa inafungua kila kitu. Nikabadilisha waya. Nikaizima, nikaiwasha. Wapi. Saa tisa ndipo nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta sehemu ya kupitishia mtandao kwa watu imezimwa. Nikaiwasha, na simu zikanyamaza.

Haijizimi yenyewe ile. Nywila tunaijua wawili, mimi na Shemeji Luhende, aliyenifundisha kazi hii mimi niliyeishia darasa la saba. Jana jioni alikuwa dukani. "Nyonyesha mtoto, shemeji, mimi nakuangalizia mashine." Nikamshukuru kabisa.

Kesho bosi, mwenye duka, anaamua nani abaki kuliendesha, mimi au yeye. Bado natumaini nitakuwa mimi, maana mashine niliitengeneza mwenyewe. Lakini nimeumia. Angeniambia tu kwamba anaitaka kazi, ningemwelewa.

Bosi nitamweleza wazi. Na leo hii namwambia Baba Minza kwamba kaka yake ndiye—

Ananiita sebuleni. "Mama Minza, kaka amefika, njoo umwamkie." Sasa nitampaje shikamoo mtu aliyenizimia mashine ili nionekane siiwezi kazi?