Nyonga Niliyokushonea

Mpendwa Baba Tumaini,

Ni Jumapili, saa kumi jioni. Nimetoka kanisani, nimekula kidogo, nimekaa kwenye meza yako ya kusahihishia. Daftari langu la kila siku liko upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeiweka ile nyonga ya godoro. Nataka kukueleza jambo ambalo nilipaswa kukueleza ukiwa hai, na barua hii nitaiacha wazi ili wanafunzi wako nao waisome.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulirudi kutoka chuoni ukiwa umekasirika, ukasema wanafunzi wa uuguzi watafundishwaje kuchoma sindano ya makalio kwa kuchorewa ubaoni. Ukanunua kipande cha godoro pale Kilosa sokoni, mimi nikatoa kitambaa cha khaki kilichobaki kwenye sare za Tumaini. Ndani ulipitisha kamba ya manjano, ukasema huo ndio mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, ukiuchoma umemharibu mtu. Juu ya kitambaa nilishona msalaba wa uzi mweusi kila upande, kugawa kalio mara nne. Kwenye robo ya juu ya kila kalio, upande wa nje, nilishona kiraka cha kijani. Hapo ndipo pa kuchoma.

Ulinichorea kwa chaki mahali pa kukishona. Na kabla ya kuchora ulinisimamisha katikati ya sebule.

"Weka kiganja kiunoni. Usitazame, gusa. Unasikia ukingo wa mfupa?"

"Nasikia."

"Basi hapo ndipo juu. Kwanza mfupa, halafu sindano."

Nilicheka, nikakuambia mimi nimeishia kidato cha nne, hayo ni ya wasomi. Ukasema, "Kama wewe umeelewa, hakuna wa darasani atakayenidanganya kwamba hajaelewa."

Wanafunzi waliiita Shangazi. Nikikuletea chakula chuoni nilikuwa nawasikia dirishani. "Jamani, Shangazi leo kachomwa na Juma, mpeni pole!" "Juma mwenyewe anatetemeka kuliko mgonjwa!" Na wewe unawajibu bila kucheka, "Mchekeni tu. Huyu ndiye mgonjwa pekee atakayewasamehe." Hakuna aliyeshika sindano kabla ya kujipapasa mwenyewe kiunoni na kutafuta mfupa, wasichana na wavulana, wote wamesimama wima kama wanaoapa.

Kisha ukaugua, ukalazwa hospitali ya Mikumi. Mwalimu mwingine akashika vipindi vyako. Alimtuma mwanafunzi aniletee Shangazi nimtengeneze, viraka vilikuwa vimechakaa kwa matundu na kitambaa kilikuwa kichafu. Nimefungua daftari. Imeandikwa: "Alhamisi. Mvua tangu asubuhi. Nimefua gamba la nyonga, nimepiga pasi, nimeshona viraka vipya. Saa tisa nimemaliza. Kazi safi." Niliandika hivyo, Baba Tumaini. Kazi safi.

Gamba lile la kitambaa, likitolewa kwenye godoro na kupigwa pasi, ncha zake mbili zinafanana. Viraka vya zamani nilivifumua kabla ya kufua, na chaki yako ilikuwa imetoka na maji. Nilitandika kitambaa mezani, nikachagua ncha moja kuwa juu, nikashona. Sikulivisha godoro kwanza. Sikuweka mkono kiunoni kwangu. Nilitumia macho tu, na nilikuwa na haraka kwa sababu kesho yake nilikuwa nakuja kukuona.

Kesho yake nilikuja. Ulikuwa umekonda, sauti imepungua, lakini ulipoona uzi wa kijani umenasa kwenye kitenge changu ukauliza.

"Umemshonea Shangazi?"

"Nimebadilisha viraka."

"Uligusa kwanza?"

Nikasema, "Ndiyo."

Ukafumba macho, ukatabasamu. "Basi Shangazi amepona. Mimi bado."

Nimekaa na hiyo "ndiyo" sijui niiweke wapi. Haimo kwenye daftari. Siku ile niliandika uji uliokunywa, joto la mwili wako, na jina la muuguzi wa zamu. Niliona neno lile ni dogo mno kuandikwa. Nilidhani nakupumzisha.

Hukurudi darasani. Darasa zima la mwaka ule lilijifunzia kwenye viraka vyangu, na yule mwalimu, kwa kuwa alikuta kazi imeshaandaliwa, aliwaambia wachome kwenye kijani. Baada ya msiba chuo kilipata mfano mwingine wa plastiki, wakanirudishia Shangazi pamoja na vitabu vyako. Nikamweka sandukuni bila kumtazama, kwa sababu kumtazama ni kukutazama wewe.

Wiki tatu zilizopita Zawadi alikuja. Yule mrefu, aliyekuwa anakubebea ramani za mifupa. Alikuwa ameajiriwa kwenye zahanati moja huko nyuma ya Ulaya, kile kijiji cha hapa hapa Kilosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama, nimemlemaza mtu."

Nikamuuliza alichoma wapi.

"Kwenye kijani, mama. Pale pale tulipofundishiwa kwenye Shangazi. Na kwenye mtihani niliandika juu, upande wa nje, nikapata. Lakini mkono ukienda hauulizi mtihani. Mkono ulienda kwenye kijani." Akajifuta uso kwa mtandio. "Wamenisimamisha kazi. Wanasema kama ndivyo Mwalimu alivyotufundisha, basi alitufundisha vibaya. Nimekataa, mama. Nimewaambia kosa ni langu, Mwalimu msimguse."

Nikamwambia pole mwanangu. Nikamchemshia chai. Hilo ndilo nililofanya.

Alipoondoka nilifungua sanduku. Niliweka kiganja kiunoni kwangu, nikatafuta mfupa, nikashuka taratibu, huku mkono wa pili uko kwenye nyonga ya godoro. Nikalikunja gamba nione kamba ya manjano inapita wapi. Viraka vyangu viko chini, Baba Tumaini. Vimekaa karibu kabisa na kamba, na vimejaa matundu. Kila tundu ni mkono wa mtoto wako mmoja wa darasani, na watoto hao sasa wametawanyika Kimamba, Msowero, na kwingine nisikokujua.

Siku ya gulio nilikwenda Ulaya kumwona mgonjwa wa Zawadi. Anaitwa Mama Hawa, anauza nyanya. Mguu wa kulia hauinuki mbele, vidole vinaburuta chini, kwa hiyo kandambili ameifunga mguuni kwa ukanda wa mpira wa baiskeli isidondoke. Nilisimama nikiutazama mguu.

"Dada, mguu hauuzwi," akasema. "Zinazouzwa ni nyanya."

Wenzake wakacheka. Nikanunua fungu. Alipoinuka kunitafutia mfuko nikasikia wayo wake unavyopiga ardhi, pa, pa, kama mtu anayefunga mlango ulioharibika. Kabla ya sindano ile alikuwa anatembea kutoka shambani na tenga kichwani. Daktari amemwambia asubiri, huenda mshipa ukaamka, huenda usiamke. Nilikuwa nimekuja kusema. Nikasema asante, nikaondoka na nyanya. Ziliozea jikoni, sikuweza kuzila.

Kesho Jumatatu nitakwenda chuoni. Nimemtumia Zawadi ujumbe tuonane getini saa mbili, sikumwambia kwa nini. Nitabeba daftari na nitambeba Shangazi kama alivyo. Mara mbili nimeshika mkasi nifumue viraka, mara mbili nimeuweka. Wavione mahali nilipovishona. Nitawaambia wawatafute wote wa darasa lile, mmoja mmoja. Kisha nitakwenda Ulaya na Zawadi, na safari hii nitasema kabla ya kununua kitu.

Sitarajii chochote. Mguu wa Mama Hawa hautainuka kwa sababu mimi nimesema kweli. Zawadi atapata kazi yake au hataipata, lakini hatashika tena sindano kama alivyoishika zamani, na mimi hataniita mama. Jina lako wanaweza kulisafisha. Ila ni nani mwingine uliyemuuliza "uligusa kwanza" ukaamini jibu bila kukagua? Hukuwahi kumwamini mwanafunzi hivyo. Uliniamini mimi.

Nimesimama tena hapa mezani, kiganja kiunoni, macho nimefumba kama ulivyotaka. Mfupa uko palepale, Baba Tumaini. Siku ile ya Alhamisi pia ulikuwa palepale. Ilikuwa ni kuinua mkono tu.

Lala. Sitakuomba unisamehe leo, nina watu wengine wa kuwaomba kwanza.

Mkeo,
Mama Tumaini