Nani Aanze Kununua Umeme

Jumamosi, mwanzo wa mwezi

Mchana kutwa hakuna aliyetaka kuanza kununua umeme. Hapa Nsemulwa wapangaji watatu tunatumia mita moja, na kila mwezi serikali inakata kodi ya jengo kwa anayeingiza luku ya kwanza. Jengo si letu, ila umeme tunanunua sisi. Kwa hiyo kila mwezi ukianza tunajifanya tunapenda giza. Mama Kulwa wa chumba cha pili anasema eti koroboi inapumzisha macho.

Mimi nilishakaribia kushindwa. Mafuta ya koroboi yamenimaliza hela wiki hii, na gauni la kanisani halijapigwa pasi.

Jioni mwenye nyumba akaja kutoka Ilembo kufuata hela ya pango, simu yake imeisha chaji.

“Nyie mnaishije hivi?” Akatoa hela mfukoni, akanituma kwa wakala.

Uniti zilipoingia akakunja uso. “Mbona chache?”

“Wamekata kodi ya jengo, baba,” Mama Kulwa akamjibu kwa upole.

“Jengo gani?”

Tukainua macho, tukatazama bati lake.

Gauni nimeshapiga pasi. Wasiwasi wangu ni mwezi ujao, asije akatokea simu imejaa chaji.