Zulia Juu ya Mstari Mwekundu

Hospitali ya Jeshi
2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo, na masikio yako hayajazidi kuziba. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kusimama. Na ile ngiri? Usiniambie imepona, ngiri haiponi kwa kufungwa mkanda. Njoo upasuliwe hapa, wastaafu mnatibiwa bure, na meza ya upasuaji nitakuandalia mwenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa, na yako yote mawili yalishauawa na ngoma. Ndiyo maana nakuandikia, maana kwenye simu tunaishia kupigiana kelele.

Sasa habari. Jeshi limekumbuka kwamba sisi watu wa chumba cha upasuaji tupo. Kutakuwa na sherehe ya kututunuku: daktari wetu Meja, Bwana Usingizi anayewalaza wagonjwa kwa dawa, mama anayechemsha vyombo, na mimi muuguzi wa kumkabidhi daktari visu. Jenerali mwenyewe atatuvisha nishani.

Ningefurahi, lakini maandalizi kapewa yule kapteni tunayemwita Bwana Itifaki. Jana kaingia na andazi mkononi, anauliza kama keki inaweza kukatiwa juu ya meza ya upasuaji, eti ina urefu mzuri. Meza ile, baba! Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kuisugua damu. Nikamwambia akaikatie kitandani kwake. Akacheka mpaka makombo yakamruka mdomoni, yakaanguka sakafuni kwangu. Nimeona kinyaa ambacho hata usaha haujanipa.

Ni mimi mwanao.

---

Nyumbani
9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, nakula, nalala, nagombana na majirani kama kawaida.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, kisha nikampelekea kinyozi aisome kwa sauti mbele ya wateja. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nimebeba ngoma kubwa tumboni maisha yangu yote ya jeshi. Nimewapigia majenerali wapite na nishani zao, na kifuani pangu hakijawahi kuning'inia kitu zaidi ya kifungo kilicholegea. Ya kwako ni ya kwangu, mama.

Nitakuja. Buti za gwaride nimezitoa sandukuni, nazipiga rangi kila jioni mpaka naona meno yangu humo, yale yaliyobaki. Huyo Bwana Itifaki mvumilie. Kila sherehe ina mtu wa namna hiyo. Mwitikie "ndiyo afande", umeze mate, siku ipite.

Ngiri iache. Niliipata kwa ngoma na tumeshazoeana.

Ni mimi baba yako.

---

Hospitali ya Jeshi
15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi nipo, nimechoka na nimechukia.

Mlangoni kwetu pana mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Viatu vya nje vinaishia pale, awe daktari, awe mfalme. Ukiuvuka unavaa makubazi ya ndani, kofia na barakoa. Ni sheria ya kwanza tuliyofundishwa, na ndiyo inayozuia vidonda kuoza.

Leo Bwana Itifaki ameleta zulia. Limetoka mesi ya maofisa, jekundu, linanuka pombe iliyomwagika tangu enzi za babu. Kalitandika kutoka uwanjani, likapita juu ya mstari wetu, mpaka miguuni pa meza. Anasema Jenerali hawezi kuvuliwa viatu. Nimelikunja, kalikunjua. Nimelikunja tena, kaniletea amri ya maandishi. Meja ameisoma kisha akatazama dari. Anasubiri kupandishwa cheo, kwa hiyo dari imekuwa rafiki yake.

Bado hujasikia. Tuna dereva wa lori aliyepinduka, mfupa wa paja ulitokeza nje. Kidonda tumeshakiosha, lakini lazima apasuliwe tena asubuhi ya sherehe aungwe mfupa, hawezi kungoja zaidi. Bwana Itifaki kafurahi! Anataka wageni waingie paja likiwa wazi, "Jenerali aone kazi yenyewe", na mpiga picha awe tayari. Mwenzake amevunjika, yeye anaona maonyesho. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wageni hawa mwenyeji atazikwa.

Nakuomba, siku hiyo kaa nje chini ya turubai. Wakisema ingieni, wewe usiingie.

Ni mimi mwanao.

---

Nyumbani
24 Machi

Sajenti,

Nilifika salama, ingawa hukuuliza.

Barua yako ya mwisho nimeikuta mlangoni niliporudi. Sijaifungua, na sitaifungua.

Nilikaa safu ya mbele. Kapteni akasema wazazi watangulie na Jenerali afuate, na mimi nikawa wa kwanza. Hebu fikiria, koplo wa ngoma anatangulia mbele ya Jenerali! Nilitembea juu ya zulia lile tumbo nimelivuta ndani na ngiri yake. Nikakuona mlangoni na gauni la kijani, macho tu yanaonekana. Nikasema moyoni, sasa atanipigia saluti.

Umeniwekea kiganja kifuani. Ukasema, "Baba, viatu." Nikadhani sijasikia vizuri, nikapiga hatua. Ukanisukuma. Jenerali akanigonga mgongoni, watu wote wakaona.

Umenivua nguo hadharani mimi niliyekuzaa. Hata majirani waliokuwa wakinichekea usoni wamepata la kusimulia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiniandikie.

Koplo mstaafu wa bendi.

---

Hospitali ya Jeshi
30 Machi

Baba,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Guu lililovunjika ni la dereva, na yeye wakuu wake aliwasikia sana, ndio waliomwamuru aendeshe lori lisilo na breki. Alikuwa nyuma yangu, baba. Amelala, paja wazi, hajui kama kuna sherehe. Ningemwacha baba yangu apite, ningemzuia nani tena? Jenerali angepita, mpiga picha angepita, na yule wa keki.

Jenerali aliniuliza, "Kuna mgonjwa humo?" Nikasema yupo, afande. Akageuka, akarudi nje. Mama wa kuchemsha vyombo akalisukuma zulia kwa mguu. Ndani yake mlikuwa na vichungi vya sigara na mfupa wa kuku. Huo ndio uchafu uliotaka kutembea juu ya paja la mtu.

Nilinawa upya, nikavaa upya, tukaendelea. Huko nje walivishana. Meja alitoka baadaye akapata yake, Bwana Usingizi yake. Ya kwangu alipewa Bwana Itifaki, kwa "maandalizi bora". Anaivaa mpaka kantini. Nikimwona nayo chakula kinanirudi.

Nishani sikuililia. Nimelia kwa sababu nilitoka jioni nikakuta kiti chako kitupu. Buti zako niliziona, baba. Ziling'aa kuliko za Jenerali.

Ni mimi mwanao.

---

Hospitali ya Jeshi
2 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama barua zangu unazisoma au unafungia sabuni.

Dereva ameondoka juzi kwa magongo. Kidonda kilikauka vizuri, na anatukana vizuri pia.

Shangazi amesema ngiri imekuzidi, hutembei, na kwamba umeapa hutakanyaga hospitali ya jeshi. Nichukie, baba, lakini njoo. Siku hiyo naweza kuomba ruhusa, usinione hata sura.

Ni mimi mwanao.

---

Wodi ya wanaume
19 Juni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, marahaba, na marahaba. Hizo ni za barua zote nilizokunyima. Zote tatu nilizifungua usiku wa kuamkia kupasuliwa, maana hofu ilinishinda na sikuwa na kingine cha kusoma.

Nimepasuliwa. Si kwenu, ubishi wangu unaujua. Nimekuja hospitali hii ya mjini nikajiona mjanja. Asubuhi wakaniweka kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, nimevaa kile kishati kinachoacha matako wazi. Nikatazama chini, nikauona mstari mwekundu. Umefifia, lakini upo.

Mara akaja bwana mmoja wa suti, sijui mkaguzi, sijui mjumbe wa bodi. Viatu vina tope, simu sikioni, anatafuna. Akaukanyaga mstari kama haupo, akaingia. Wauguzi wakatazamana. Daktari, naapa, akatazama dari! Na mle ndani ndimo nilimokuwa naenda kufunguliwa tumbo. Kinyaa kikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nikakiona kiatu kile kikitembea juu ya utumbo wangu. Nikakumbuka buti zangu mwenyewe, nilizokanyagia zulia lile nikijiona mfalme.

Mwanangu, nilikaa kitandani na ngiri yangu, nikatoa sauti ya gwaride ambayo sijaitoa tangu nistaafu: "WEWE! VIATU! NYUMA GEUKA!"

Aligeuka. Simu ikamwanguka. Nikamwambia haingii mtu humo mpaka sakafu isuguliwe, la sivyo nitatembea kwenda nyumbani na makalio nje. Wakasugua mimi nikiangalia. Muuguzi mmoja, binti wa umri wako, akaniuliza kwa nani nimejifunza mambo ya humo ndani. Nikamwambia kwa binti yangu, alinifundisha kwa kunisukuma kifuani. Nikaanza kulia, wakadhani naogopa kisu.

Kidonda ni kikavu. Wiki ijayo natoka. Nimemwagiza jirani aninunulie kopo dogo la rangi nyekundu, apake mstari mlangoni kwangu. Bwana Itifaki akija na nishani yake atasimama nje. Kinyozi atavua, shangazi atavua.

Wewe ukija, mama, ingia na viatu vyako.

Ni mimi baba yako.