Sponji Uliyotuletea

Mitunguu, Jumapili

Kwa kaka Mutuma,

Huku tunaendelea. Ndizi zimezaa vizuri, na mtoto wangu Mwirigi amepona kikohozi.

Juzi nilifundisha Kidato cha Pili kuhusu sponji wa baharini. Nilibeba ile uliyotuletea kutoka Mombasa, ninayomwogeshea Mama tangu apooze. Nikawaambia huyu alikuwa mnyama. Hana moyo, hana ubongo, hasogei, na watu wa zamani walidhani ni mmea. Msichana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, utajuaje kama yuko hai?" Nikamjibu, unatia rangi majini karibu naye. Ukiona imeingia kwenye vile vitundu vya mwili na kutokea tundu kubwa la juu, yuko hai.

Wewe ulisema kwa simu kwamba Mama sasa ni gogo tu, na kwamba utasaini ili daktari amtoe mpira wa puani anaolishiwa chakula. Nilikata simu kwa hasira.

Jana nikimwogesha nilimtajia jina lako sikioni. Jicho la kushoto likatoa chozi. Labda ni sabuni ilimwingia, kaka, sijui. Njoo umwite mwenyewe, kisha ukiweza, saini.

Dada yako,
Kagwiria