Mume Wangu, Hivi Kweli Huko Wameipigia Bangi Kura?

Mume wangu mpenzi, sheri wa moyo wangu,

Kabla ya kuandika hayo maneno mawili, "mume wangu", niliyatamka kwa sauti nikiwa nasuka, na mteja akageuka ghafla nikamvuta nywele. Nilimwomba radhi, lakini nilikuwa natabasamu. Neno bado jipya, tamu mdomoni kama embe la kwanza la msimu.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu habari yako imeshakuwa ya watu. Saluni nzima hapa Greyville, Durban, inajua kwamba jimbo la Oregon, ulikopelekwa na mpango wa wakimbizi, limepiga kura kuhalalisha bangi, na kwamba wewe, kiongozi wa kwaya, umepewa kazi ya kuitunza.

"We Furaha," Mama Grâce, mwenye saluni, aliniuliza jana, "bwana yako iko Amerika anafanya nini? Tulimuombea hapa na mafuta kichwani, sasa anaenda kumwagilia bangi maji?"

"Hajakubali, mama. Ameniuliza mimi kwanza."

"Amekuuliza? Eish! Basi huyo njo bwana. Wangu aliuza frigo yenye nyama ndani, hakuniuliza kitu."

Tulicheka mpaka mteja akasema tumalize kichwa chake kwanza. Lakini swali lako limekaa nami tangu uliponipigia simu.

Unakumbuka siku ile soko la Warwick, kabla hujaja kuniomba kwa wajomba? Tulikuwa tunapita kwa wauza dawa za mitishamba kule juu ya daraja, polisi wakapakia magunia ya bangi kwenye gari lao, harufu ikatanda daraja zima. Ulinishika mkono kwa mara ya kwanza. Nilidhani ni mapenzi! Kumbe uliogopa wataomba karatasi zetu, na yako ya ukimbizi ilikuwa imepitwa na tarehe. Tulitembea hivyo mpaka robot, kwenye taa za barabarani, tukavuka, polisi wakabaki nyuma, na mkono hukuuachia. Hapo nikajua sasa si polisi tena.

Na siku ya harusi, lifti ya jengo letu mtaa wa Point ilipokufa, ukanibeba na gauni langu lote mpaka juu, kila ngazi ukipumzika unanibusu na kusema, "Mke wangu, umekula keki yote?" Ningekuwa na uwezo ningeongeza ghorofa.

Sasa niambie vizuri, maana mambo yenyewe yananishangaza. Ulisema karatasi za kura zinatumwa majumbani kwa posta, na yule bibi jirani yako aliijaza yake mezani jikoni, akinywa chai, miguu yenye baridi yabisi juu ya stuli. Akakuuliza, "Kijana, wewe unaonaje?" Ukamjibu kwamba wewe si raia, huna kura. Akasema, "Sijakuuliza kama una kura." Nampenda bibi huyo. Je, alisema ndiyo? Na wale waliosema hapana, wanawasalimia bado waliosema ndiyo? Ni kweli kwamba ofisi inayosimamia pombe ndiyo itakayosimamia na bangi, na sehemu ya kodi yake itakwenda mashuleni? Huku kwetu mtu akikutwa na kimsokoto anapakiwa garini. Huko mtoto atanunuliwa daftari kwa kodi yake. Mmea ni uleule! Ningependa kukaa jikoni kwa bibi huyo nimuulize mpaka chai ipoe.

Lakini kilichonichekesha zaidi ni namna ulivyoipata kazi yenyewe. Yule bwana mwenye nyumba za vioo za kupandia bangi alikuja kuchukua mizigo ghalani unakofanya kazi, akakuuliza umetoka wapi. Ukasema Durban. Akakukumbatia! Kumbe wavuta bangi wa huko wana aina wanayoiheshimu sana yenye jina la mji wetu, naye akaamini amempata fundi aliyezaliwa nayo. Wewe! Mtu wa Bukavu, unayepiga chafya ukipita karibu na sigara! Ulimwambia huijui, akadhani unaficha siri za wazee.

Mshahara ni mara mbili ya wa ghalani, najua. Najua pia mgongo unavyokuuma kwa kubeba maboksi, na kwamba unataka kunipangia chumba chenye dirisha kabla sijafika. Nilikupenda zaidi uliposema hilo la dirisha.

Ila sheri, rudia moyoni alichokuambia yule dada anayeshughulikia faili letu la mimi kukufuata huko. Jimbo limesema ndiyo, lakini taifa bado linasema hapana, na mipaka inalindwa na taifa. Raia akifanya kazi hiyo huenda asiguswe. Mkimbizi akiifanya, faili linaweza kufungwa, na ndani ya faili hilo nimo mimi, na picha yetu ya ndoa. Mama Grâce anasema, "Kama serikali imeruhusu, imeruhusu." Hata mimi nilidhani hivyo. Kwetu hatujawahi kuona serikali mbili zikikaa juu ya mtu mmoja.

Wewe umeniuliza. Mpenzi wangu, katika maisha yangu sijawahi kupiga kura, Kongo nilitoka mdogo na hapa mimi mgeni. Nyumba yetu ndiyo jimbo langu, lina watu wawili tu, na karatasi yangu hii hapa, wazi: hapana. Baki ghalani, nami nitakukanda huo mgongo kwa mikono yangu.

Sasa zamu yako. Ukisema ndiyo tutakuwa sare, na sare yetu ni wewe kubaki huko, mimi huku.

Nakubusu kila ngazi,

Mke wako