Ukurasa wa Silas

Oxford, 14 Machi 1888

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimekuachia. Mimi sijambo, ila usinitumie jibini tena. Panya wa nyumba hii wananenepa kwa jasho lako.

Baba, nimeshinda! Kazi yetu hapa kwenye kamusi unaijua: kila neno tunalitafutia sentensi katika vitabu vya kale, tunaibandika kwenye kikaratasi, na bila kikaratasi husikilizwi. Wiki iliyopita tulifika kwenye “cleave”, neno lako la kupasulia magogo. Ndilo hilohilo padri analolisoma harusini, kwamba mume ataambatana na mkewe. Linapasua, na papo hapo linagandisha. Bwana Tapscott, mkuu wetu, akasema ni neno moja lililopotea njia. Nikambishia. Nilisema ni maneno mawili tangu enzi za mababu, kila moja na mzizi wake, yakaja kufanana uzeeni tu. Edith wa meza ya jirani akaniuliza tangu lini binti wa mpasua magogo akawafundisha wazee Kiingereza. Bwana Tapscott akasema haya, mwenye ushahidi aulete kabla ya Ijumaa saa sita mchana, ukurasa unakwenda kwa wachapaji.

Na ushahidi ninao, chumbani kwangu! Kile kitabu cha mahubiri cha marehemu mama. Kuna ukurasa wenye maneno yote mawili, yameandikwa tofauti kabisa, kila moja na kazi yake. Bwana Tapscott aliusoma mara tatu, akavua miwani, akasema amekaa na neno hilo miaka thelathini kumbe halijui. Nilitamani uwepo. Edith mwenyewe kaninunulia keki ya zabibu, na roho inamuuma.

Sasa Baba, kaa kwanza. Sisi kitabu kikiwa chetu hatunakili, tunakikata, maana mkono hukosea. Ilikuwa saa tano na nusu. Nilipokigeuza kipande nilichokata nikaona nyuma yake mwandiko wa mama: jina la mdogo wangu Silas, zile siku tisa alizoishi, na mistari minne midogo chini yake. Sikuisoma. Nilisema nitaisoma baadaye, nikapaka gundi.

Jana nilikiomba kikaratasi kile, nikakiloweka. Gundi imetoka, na wino wote umetoka nayo.

Hakuna aliyenituma. Nilitaka kumshinda Edith, basi. Uliponikabidhi kitabu ulisema kuna ukurasa wa Silas ambao hujapata moyo wa kuusoma, nikutunzie mpaka siku utakayoupata. Sikuuliza ni upi. Usijikaze tena kuutafuta moyo huo, Baba. Hakuna kilichobaki cha kusoma.

Nisalimie shangazi Tabitha na majirani wote wa kilimani. Nitaelewa hata barua yako ikichelewa.

Ni mimi mwanao,
Keziah Ollerenshaw